Agizia Meza: Kula Kichina Diani

Ukienda na wenzako watatu hoteli ya Kichina pale Diani na kila mmoja akajiagizia sahani yake, mtalipa pesa nyingi na kila mtu atakula kitu kimoja hadi kimkinai. Wa kuku atachoshwa na kuku, wa tambi atachoshwa na tambi, na aliyeagiza mboga peke yake atabaki akitupia macho sahani za wenzake. Jiko la Kichina halikupangwa kwa ulaji wa namna hiyo. Vyakula hupikwa viwekwe katikati ya meza: kimoja kina chumvi, kingine kina utamu na uchachu, cha tatu ni mboga isiyo na makeke, na wali mweupe ndio unaovipatanisha. Mpwani hana haja ya kufundishwa hili. Ni sinia ya harusi ile ile, ila hapa kila mlaji ana kibakuli chake cha wali na huchota kidogo kidogo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: idadi ya vyakula ilingane na idadi ya watu, wali ukiwa kando. Mkiwa wanne, chukueni kimoja cha baharini, kimoja cha nyama au kuku, kimoja cha mboga za majani, na cha nne kiwe supu au tofu. Mkiwa wawili, vyakula viwili na wali vinatosha. Cha tatu kitaishia kurudi nyumbani kwenye mkebe. Msiagize viwili vilivyochovywa unga na kukaangwa, wala viwili vyenye sosi nyekundu ya sukari. Meza ikiwa na kuku wa tamu-chachu, samaki wa tamu-chachu na kamba wa tamu-chachu, mmeagiza chakula kimoja mara tatu. Na wali uwe mweupe. Wali wa kukaanga ni chakula kinachojitegemea. Ukiufanya msingi wa kila kitu, chumvi inapanda juu ya chumvi, na mlo ukifika nusu mnaitisha maji tu.

Kabla ya kuagiza, jua umeketi kwenye jiko gani. Kusini mwa Likoni, jina la Kichina hubandikwa kwenye majiko ya aina tatu, na huhitaji kuingia ndani kuyatambua, menyu inatosha.

La kwanza ni la enzi za wageni wa Ulaya walioanza kumiminika Diani kwa ndege za kukodi. Hupika Kikantoni kilicholainishwa: kuku wa tamu-chachu na mananasi, supu ya mahindi, spring roli, chop suey, ambayo sifa yake iliivuna Marekani kuliko China. Linamfaa mtoto, na linamfaa anayekula Kichina kwa mara ya kwanza. La pili limepitia India. Ukiona kuku Manchurian, paniri ya pilipili au tambi za Hakka, aliyeandika menyu ile macho yake yako Mumbai, si Guangzhou. Kuku Manchurian alibuniwa Bombay mwaka 1975 na Nelson Wang, mpishi wa asili ya Kichina aliyezaliwa Calcutta. Ndani yake hamna cha Manchuria: ni kitunguu thaumu, tangawizi, pilipili mbichi, sosi ya soya na unga laini wa mahindi wa kukoleza mchuzi. Wapo wanaolidharau jiko hili kwamba si la kweli. Mimi sioni kosa lake. Ukali wake unaeleweka na ulimi wa Pwani, na asiyekula nyama hapati tabu ya kutafuta chakula.

La tatu ni geni zaidi, nalo hufuata watu wa kazi. Reli ya SGR ilijengwa na China Road and Bridge Corporation na kuzinduliwa tarehe 31 Mei 2017; daraja la waenda kwa miguu linaloelea lililojengwa Liwatoni lilikuwa kazi ya kampuni hiyo hiyo. Mhandisi wa Kichina aliye mbali na kwao hatafuti kuku wa mananasi. Anatafuta tofu yenye pilipili, biringani za mafuta, tambi ndani ya mchuzi wa ng'ombe uliochemka asubuhi nzima. Jiko la aina hii utalijua kwa menyu ya picha, maandishi ya Kichina yakitangulia, na majina ya Kiingereza yaliyotafsiriwa ovyo hadi yanachekesha. Usicheke sana, hapo ndipo penye chakula. Ukikwama, angalia meza ya Wachina wenyewe wanakula nini, kisha mwonyeshe weita kwa adabu.

Kwenye jiko hili la tatu ndipo utakapokutana na pilipili ya Sichuan. Si pilipili kwa maana tuijuayo, wala haiwashi. Hufanya midomo na ulimi kufa ganzi, na maji ukiyanywa baada yake yana ladha ngeni. Mtu asiyeambiwa hudhani amedhurika. Mti wake ni ndugu wa karibu wa mjafari, ule mti wa miiba tunaojua magome yake kwa dawa, na ukoo wao wote ni wa ndimu na machungwa. Ukitafuna gome la mjafari utaelewa haraka kuliko maelezo yangu. Kama hupendi ganzi, sema mapema. Ukisema "pilipili kidogo" tu, mpishi atapunguza ukali na kukuachia ganzi yote.

Sasa suala ambalo Kwale haliepukiki. Kaunti hii ina Waislamu wengi, na hata familia ambazo si za Kiislamu huwa na shemeji, jirani au mfanyakazi mwenza Mwislamu mezani. Cheti cha halali kikiwa ukutani, kisogelee ukisome: kina jina la shirika lililokitoa, kwa mfano Kenya Bureau of Halal Certification, na tarehe ya kumalizika. Cheti kilichopitwa na wakati ni pambo. Pasipo cheti, uliza, lakini usiulize "hapa ni halali?" Weita atajibu ndiyo, tena kwa nia njema. Uliza mambo ya jikoni: "Dada, nguruwe hupikwa hapa? Ana karai lake na kisu chake? Kuku na nyama mnanunua kwa nani? Nyama mkiikoleza mnatia mvinyo?" Akisita, mwombe amwulize mpishi. Mpishi huwa hasiti.

Swali la mvinyo ndilo linalosahaulika. Jiko la Kichina hutumia mvinyo wa mchele, maarufu ukiwa ule wa Shaoxing, kuondoa shombo ya samaki na kulainisha nyama. Chupa yake hukaa pamoja na ya soya, karibu na mkono wa mpishi, na mkono huo umezoea. Hapa kuna jambo la kujua. Kuku na nyama ya ng'ombe hukatwa na kukolezwa mapema, bakuli zima kwa wateja wa siku nzima. Kama mvinyo umeshaingia, hakuna atakayeutoa. Samaki mzima na mboga hutiwa viungo pale pale vinapopikwa. Kwa hiyo ombi la "nitilie ndimu na tangawizi badala ya mvinyo" linawezekana kwa samaki, ni gumu kwa kuku.

Nguruwe naye hajifichi kwenye sahani iliyoandikwa jina lake tu. Tofu ya mapo, ambayo wengi huiagiza wakidhani ni chakula cha wasiokula nyama, huwa na nyama ya kusaga juu yake, ya ng'ombe au ya nguruwe. Mishiri iliyokaangwa hadi ikasinyaa hunyunyiziwa nyama ya nguruwe ya kusaga. Biringani hali kadhalika. Maandazi ya mvuke na yale madogo ya kuchemsha, yenye nyama ndani, kwa kawaida ni ya nguruwe isipokuwa uambiwe vinginevyo. Supu huanzia kwenye mchuzi wa mifupa, na mboga nyingine hukaangwa kwa shahamu. Mboga kuwa mboga kwenye menyu hakumaanishi ni mboga tupu. Sosi nyeusi nzito inayong'arisha mboga za majani mara nyingi ni ya chaza, na anayedhurika na vya baharini aijue hiyo. Anayedhurika na njugu naye aepuke kuku wa kung pao. Kuhusu kaa, wapo Waislamu wa Pwani wanaomla na wapo wasiomla. Kila mtu na alivyosomeshwa, na si kazi ya weita kuwaamulia.

Usidhani lakini kwamba Uchina wote ni nguruwe. Wachina Waislamu, hasa wale wa kabila la Hui, wana jiko lao la karne nyingi: tambi za Lanzhou zinazovutwa kwa mkono ndani ya mchuzi wa ng'ombe, na nyama ya kondoo iliyokaangwa kwa moto mkali pamoja na bizari nyembamba, ile ile ya pilau. Zheng He, amiri wa merikebu za Ming zilizofika Malindi, alizaliwa kwenye familia ya Kiislamu huko Yunnan. Twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Ukiona kondoo wa bizari kwenye menyu, muagize. Utakuwa umekutana na binamu.

Jambo jingine la mezani ni pombe. Hoteli nyingi za Diani huuza, na mkienda na wazee inafaa kuomba meza ya nje au ya pembeni, mbali na kaunta. Hakuna atakayeona vibaya, maana ombi hilo wamelizoea.

Tuje kwa samaki, maana ndiye sababu ya kula Kichina Pwani badala ya Nairobi. Wapishi wa Kantoni huamini samaki mzuri hapaswi kufunikwa, na wapishi wetu wengi huamini kinyume chake: ukaango, kisha ukwaju, kisha pilipili, kisha nazi. Vyote vitamu, lakini jaribu huu wa kwao angalau mara moja. Agiza samaki mzima wa mvuke na tangawizi. Tewa ndiye bingwa wa upishi huu; changu anafaa; nguru nyama yake hukakamaa, mwache kwa mchuzi wa nazi.

Kabla ya kupikwa, omba kumwona. Kwenye hoteli ndogo ombi hili halimuudhi mtu. "Kaka, samaki gani ameingia leo? Hebu nionyeshe." Jicho liwe limejaa na angavu, mashavu yawe mekundu ndani, tumbo likibonyezwa lirudi. Akiletwa mgumu wa barafu, badilisha mawazo na uchukue vya kukaanga na sosi. Barafu haimwui samaki wa kukaanga, ila humwaibisha wa mvuke. Samaki wa mvuke hutandazwa kwenye sahani juu ya vipande vya tangawizi, akawekwa ndani ya mvuke unaochemka kwelikweli, na mwenye uzito wa chini ya kilo hakai zaidi ya dakika kumi hivi. Kisha maji aliyotoa humwagwa, hutandikwa juu nyuzi za tangawizi mbichi na kitunguu cha majani, na mafuta yaliyofuka moshi humiminwa juu yake. Hapo huwa kuna mlio. Sosi ya soya humalizia pembeni. Akifika mezani, chomeka kijiti mgongoni penye unene: nyama iachane na mfupa bila kuvutwa, na pale kwenye mfupa wenyewe iwe na wekundu wa mbali sana. Ikiachana yenyewe kabla hujaigusa, amepita kiasi. Shavu mpe mgeni wenu au mkubwa wa meza.

Upande wa juu ukimalizika, usimgeuze samaki. Inua mti wa mgongo kwa kijiko, uweke kando, endelea na upande wa chini. Kwa wavuvi wa pwani ya kusini mwa China, kumpindua samaki mezani ni kuita chombo kipinduke baharini, na sidhani mvuvi wa Mwaepe au Mkunguni atalicheka hilo.

Bahari yetu ina majira yake, nayo yako juu ya menyu. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na ngalawa hutoka. Samaki ni wengi na ni wa siku hiyo hiyo. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hadi Septemba na zaidi, mvuvi mdogo habahatishi nje ya mwamba, samaki huadimika na bei hupanda. Miezi hiyo ukiambiwa "kila kitu kipo", kipo kwenye friza. Pweza fuata bamvua, wakati miamba inaanikwa na watu hushuka kumtafuta kwa miguu. Kaa wakubwa hutoka kwenye mikoko ya Gazi na ile ya kuelekea Vanga. Kabla ya kumkubali, mbebe mkononi: awe mzito kuliko anavyoonekana, na gamba la chini lisibonyee. Kaa mwepesi amejivua gamba juzi juzi, utalipia maji. Kaa wa tangawizi na kitunguu cha majani huliwa kwa mikono, na kwa saa nzima. Usimwagize siku una haraka au una shati jeupe.

Vipo pia vya baharini ambavyo Pwani huviuza bila kuvila. Majongoo bahari huzamiwa Gazi, Shimoni na Vanga, hutumbuliwa, huchemshwa, hukaushwa, na kuuzwa kwa wachuuzi wanaowapeleka Hong Kong na China. Ukimkuta jongoo kwenye menyu, bei yake itakushtua. Hana ladha yake mwenyewe. Huliwa kwa ule uteleziutelezi, na ladha yote ni ya sosi. Mle siku analipa mwingine. Supu ya mapezi ya papa, kwa upande wangu, naikataa. Mapezi nayo hayana ladha, na papa wamepungua hadi mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022 ukaiwekea masharti biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya papa ambao mapezi yao ndiyo yanayouzwa zaidi.

Mboga za majani zisiachwe. Mchicha, spinachi au kabichi ya Kichina, kitunguu thaumu kilichopondwa, chumvi, moto mkubwa, dakika mbili. Ukitaka kumpima mpishi, mpime kwa sahani hii ya bei nafuu kuliko zote. Majani yafike yakiwa ya kijani kibichi, yanang'aa, mashina bado yanalia menoni, na chini ya sahani kuwe na maji kidogo tu. Yakifika yamelala kwenye dimbwi, karai halikuwa na moto, na kila kitu kingine kitakachokuja kitakuwa na kasoro hiyo hiyo.

Moto ndio siri ya wali wa kukaanga pia. Mchele uliopikwa sasa hivi una maji mengi. Ukiutia kwenye karai unashikana na kuwa uji. Unaotakiwa ni wa jana, wali wa kiporo, uliokauka punje kwa punje. Kwa hiyo usimlaumu mpishi kwa kutumia kiporo, ila jali kilivyolala. Kwa joto la Pwani, wali ulioachwa kwenye sufuria usiku kucha huota vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukikaangwa upya, na matapishi yake hayachelewi. Ulale kwenye friji. Ukinusa uchachu ambao si wa siki, rudisha sahani bila aibu. Umeme ukiwa umekatika mchana kutwa na jenereta hulisikii, kula tambi.

Kuhusu ule unga mweupe wa kukoleza ladha ambao watu huuogopa: uligunduliwa Tokyo mwaka 1908 na Kikunae Ikeda, aliyeutoa kwenye mwani. Hofu ilianza mwaka 1968 kwa barua moja iliyochapishwa kwenye jarida la madaktari huko Marekani, mwandishi akilalamika kwamba akila kwenye hoteli za Kichina huhisi ganzi shingoni na moyo kwenda mbio. Majaribio yaliyofuata, ambayo walaji hawakuambiwa nani amepewa nini, hayakuonyesha madhara ya kudumu kwa kiasi cha kawaida cha chakula. Vidonge vingi vya kukoleza mchuzi vilivyo jikoni kwetu vina unga huo huo. Kinachokukausha koo usiku ni chumvi ya soya, na dawa yake nimeshaitaja: wali mweupe.

Vijiti si lazima. Uma na kijiko vipo kila hoteli, na spring roli hushikwa kwa mkono. Ukitaka kujaribu, kijiti cha chini hakitembei: kilaze kwenye shina la kidole gumba na ukiegemeze kwenye kidole cha nne. Cha juu kishikwe kwa gumba, cha shahada na cha kati, nacho peke yake ndicho kinachofungua na kufunga. Shika juu, mbali na ncha. Wali wa Kichina hushikamana, kwa hiyo hauanguki; biriani ya vijiti sikushauri. Usivisimamishe vijiti ndani ya kibakuli cha wali, maana kwao huo ni mfano wa udi unaochomewa wafu. Na kuinua kibakuli hadi mdomoni, jambo ambalo kwetu mtoto angekemewa, kwao ndiyo adabu.

Chai huletwa bila kuagizwa mara nyingi, haina maziwa wala sukari, na huenda ikanukia asumini. Ukiomba sukari hawatakufukuza. Onja kwanza pamoja na nyama ya mafuta, kisha uamue.

Hili la kufukuzwa linanikumbusha jambo. Machi 2015, mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani, Nairobi, ulifungwa baada ya kufichuka kwamba Waafrika walikuwa hawaruhusiwi kuingia ikishapita saa kumi na moja jioni. Sijasikia kioja kama hicho upande wetu, lakini mwenyeji wa Ukunda anajua kuna milango Diani ambayo mlinzi humwangalia mtu ngozi na viatu kabla ya kumwamkia. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 haiikatazi serikali peke yake kubagua. Inamkataza mtu yeyote. Ukiambiwa pamejaa na unaona meza tupu, uliza zimewekwa kwa jina la nani, na uulize kwa sauti ya kawaida.

Bili isome kabla ya kutoa simu. Hoteli zilizosajiliwa hutoza kodi ya VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Nyingine huandika bei ikiwa imeshajumlisha, nyingine huongeza mwishoni, na tofauti si ndogo: chakula cha shilingi 2,000 kinakuwa 2,360. Uliza ukiwa bado na menyu mkononi. Ikiongezwa na ada ya huduma, bahashishi si wajibu tena. Isipoongezwa, mwachie weita kitu, na umpe mkononi. Kwa M-Pesa, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la hoteli na si la mtu.

Aprili hadi Juni Diani hulala. Hoteli kadhaa hufunga kabisa mwezi wa Mei kwa marekebisho, nyingine hufungua jioni tu, kwa hiyo piga simu kabla ya kutoka Msambweni na watoto wamevaa za kutokea. Ukitoka Mombasa siku hizi unaweza kupita barabara ya Dongo Kundu ukaepuka foleni ya feri. Ukitegemea matatu, kula mapema: usiku magari ya kutoka Ukunda kwenda Msambweni, Ramisi na Lunga Lunga hupungua, na tuktuk ya kukodi hadi huko itakula bei ya chakula chote. Mkienda saa kumi na mbili jioni mtapata pia mpishi ambaye hajachoka.

Vilivyobaki vifungiwe. Beba mfuko wako wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mkebe wa foili wenye mchuzi ukipakatwa kwenye bodaboda humwagika. Omba sosi na wali vitenganishwe. Vilivyochovywa unga na kukaangwa vile hapo hapo, havina kesho. Samaki wa mvuke mvunjevunje usiku ule ule, umtie kwenye uji wa mchele na tangawizi. Nyama na mboga hulala vizuri kwenye friji hadi mchana wa pili. Tambi zipashe kwenye karai lililoshika moto, mafuta kijiko kimoja na maji ya kunyunyiza, uzigeuze kwa mwiko hadi zianze kugusia kahawia pembeni.